Mtu Aliyenihimiza Nishindilie

Usiniulize kama nilikuwa nimelewa. Pombe situmii, na mke wangu ni shahidi. Wala usiniambie ulikuwa ukungu, maana ukungu nimezaliwa nao na haujawahi kunisemesha. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, shambani nje kidogo ya Muheza, na kama huniamini basi nisikilize tu hivyohivyo, utaamini mbele ya safari.

Mimi ni mtoto wa kambi za mkonge. Marehemu baba aliniachia vitu viwili, Ulutheri na gobore, na vyote nimevitunza. Gobore lina kibali, na mwenyekiti wetu wa kijiji analijua kama anavyoijua baiskeli yangu. Majirani zetu Waislamu hawamgusi nguruwe, kwa hiyo nguruwe pori wakivamia mashamba yao ninaitwa mimi. Mimi nabeba nyama, wao wanabaki na muhogo. Kila mtu anafurahi isipokuwa nguruwe.

Basi akanipigia simu Bi Mwanahamisi. Ni mjane, na hatukuwa tukifahamiana. Namba yangu aliipata sokoni.

"Kaka, kuna dume moja linanimaliza," alisema. "Nusu ya shamba limeshakula. Muhogo huu ukiisha sina cha kuwapa wanangu."

"Hujapata mtu mwingine huko kwenu?"

"Wamekuja. Hawarudi mara ya pili."

Nikadhani nguruwe amewashinda, nikacheka moyoni. Nikamwambia atulie, mimi sirudi nyumbani mpaka dume hilo lilale chini. Nilimaanisha, na lau ningejua, bado nadhani ningejikaza. Labda.

Nilifika jioni, nikalala kwenye kibanda cha kulindia. Kulipoanza kupambazuka nikalisikia linafukua. Dume kweli, mgongo umetuna, linang'oa shina la muhogo kana kwamba limelipanda lenyewe. Nikalenga, nikafyatua. Moshi ukanifunika. Ulipopungua nikaona damu kwenye majani, na damu inaelekea kichaka cha upande wa njia. Nimelijeruhi, sikuliua.

Wawindaji wananielewa hapo. Nguruwe mzima hukimbia. Aliyejeruhiwa hujibanza akangoja mtu, na njia ile ndiyo watoto wa Bi Mwanahamisi wanayopita kwenda shule. Ilibidi nishindilie tena, na haraka.

Lakini gobore si bunduki ya polisi. Sisi huku pwani, baruti ikishamwagwa ndani, tunaizibia kwa makumbi ya nazi. Ukifyatua, nyuzi za makumbi hubaki ndani ya mtutu zikiwaka polepole, wala huzioni. Ukimwaga baruti mpya juu ya moto huo, inakulipukia usoni. Kwa hiyo kwanza unafunga kitambaa chenye maji kwenye mdeki, ule ufito wa kushindilia, unapangusa mpaka chini. Kisha unapitisha kitambaa kikavu. Ndipo unamwaga. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeuzamisha mdeki, nikasikia mtu.

"Anatoka huyo. Shindilia."

Nikageuka. Mwanamume wa rika langu, kofia ya kiua kichwani, amesimama kati ya mihogo, amenipa ubavu. Namwona upande wa kushoto wa uso tu. Nikadhani ni jirani amesikia mlio. Nikamwamkia, "Asalaam aleikum."

Kimya. Niambie wewe, umewahi kuona Mwislamu wa Tanga akaiacha salamu hiyo chini? Hata aliyekununia huijibu, japo kwa kuguna.

"Shindilia," akasema tena.

"Napangusa kwanza, ndugu yangu."

"Pangusa baadaye. Watoto wanatoka nyumbani sasa hivi."

Nikauvuta mdeki. Kitambaa kilitoka cheusi tii. Nikakikamua, nikakilowesha, nikakirudisha. Yule mtu sasa alikuwa karibu zaidi. Umande ulikuwa mzito asubuhi ile, mimi suruali imelowa hadi magotini, lakini yeye kanzu yake ilikuwa kavu, na majani aliyopitia hayakutikisika. Niliogopa, sikufichi.

"Wanangu wanapita hapo," alisema, na sauti ikakatika kama ya mtu anayetaka kulia. "Wanangu, bwana. Mwaga baruti."

Kweli nikawasikia watoto kwa mbali, wanacheka, wanakuja. Mkono wangu wenyewe ukaenda kwenye pembe ya baruti. Nani asingefanya hivyo? Nikaurudisha. Nikasema kwa sauti, "Siwezi kuwasaidia nikiwa nimeungua." Nikapangusa tena. Safari hii, kitambaa kilipofika chini, mtutu ulilia *chwii*, na nilipokivuta kilikuja na kipande cha kumbi, pembeni chekundu, bado kinafuka.

Nikakikanyaga. Nikapitisha kitambaa kikavu, nikamwaga, nikashindilia makumbi na risasi, nikaweka fataki ya kuwashia. Nikawapigia watoto kelele wasimame hapohapo walipo. Dume likachomoka kichakani likinijia mimi, nikalipiga kifuani, likaanguka karibu na miguu yangu.

Nilipomtazama yule mtu, alikuwa amegeuka kuwaangalia watoto, na ndipo nikauona upande wa kulia wa uso wake. Haukuwepo. Palikuwa na weusi tu, wa baruti. Nikapepesa macho, hayupo.

Bi Mwanahamisi alikuja mbio, akawakumbatia wanawe. Nilipomweleza nilichokiona hakushangaa. Alikaa chini palepale kwenye tuta.

"Ni baba yao," alisema. "Siku aliyokufa, dume lilikuwa limejeruhiwa vilevile, na watoto wako njiani. Hakupangusa."

"Na wale waliokuja kabla yangu?"

"Mmoja ameungua mkono. Wengine walimwona wakakimbia."

Hasira zikanipanda. "Mbona hukuniambia, dada?"

Akaniangalia moja kwa moja. "Ningekwambia, ungekuja?"

Nyama niliipeleka nyumbani, wakala, mimi haikupita kooni. Mpaka leo, nikiuzamisha mdeki mtutuni, sikio langu la kushoto linasikia mtu anavuta pumzi, kama anayetaka kusema.

Msimu uliofuata Bi Mwanahamisi alinipigia tena, safari hii akanieleza kila kitu bila kuulizwa. Mke wangu alikataa katakata. Nilikwenda. Yule bwana hana ubaya na mtu, ana haraka tu, na haraka yake ni ya mzazi. Nilipofyatua risasi ya kwanza alisimama palepale. Nikamwambia, "Leo ni Jumapili, ndugu yangu. Watoto wamelala." Alikaa kimya muda wote niliopangusa. Tangu hapo kila mwaka nakwenda, na kila mwaka namwambia watoto wako wapi.

Wewe mwenye gobore, sikiliza. Atakayekuhimiza si lazima awe adui. Anaweza kuwa mtu mwenye sababu nzuri kuliko zako zote, analia mbele yako, na anachosema ni kweli. Mwache alie. Wewe pangusa.