Jina la Kitanda cha Nane

Tangu aolewe, Tusekile alimjua baba mkwe wake kwa vitu viwili tu: kikohozi na miguu. Kikohozi alikijua kwa sababu mzee, kila alipokaribia nyumba ya mwanawe, alikohoa mara mbili makusudi, ili mke wa mwanawe apate nafasi ya kukimbilia migombani na kujifunika nguo kichwani. Miguu aliijua kwa bahati mbaya. Siku moja alikuwa anatoka mtoni, akakata kona, na mzee naye alikuwa anakuja bila kukohoa. Tusekile aliinamisha kichwa upesi, lakini macho hayana pazia. Aliiona miguu ile, vidole vipana, na kidole gumba cha kushoto ambacho hakikuwa na ukucha.

Wiki tatu baadaye mimba yake ya kwanza ilitoka.

Wanyakyusa wa enzi hizo hawakuwa na mzaha katika jambo hili. Mke hamtazami baba mkwe, hali naye, hatamki jina lake. Baba mkwe naye humkwepa vivyo hivyo. Anayevunja mwiko, tumbo lake hufunga. Anayetaka kucheka na acheke, ila kwanza na apoteze mimba, kisha wanawake wazima wamkalishe chini na kumwambia kuwa sababu ni macho yake. Tusekile hakucheka. Alikuwa Mkristo, aliyebatizwa na kufundishwa, na kila Jumapili aliimba kwa sauti kubwa. Lakini hofu ile ilikuwa imetangulia kufika kabla ya ubatizo, na haikuwa na haraka ya kuondoka.

Mumewe, Anyitike, alikuwa kwenye migodi ya shaba huko Rodezia. Kwa barua alimruhusu mkewe aende kujifunza uuguzi katika hospitali ya misheni, kule juu ya Iyunga. Mzee alipinga kupitia kwa mama mkwe: "Mke wa mwanangu akaoshe wanaume wa watu?" Lakini barua ilikuwa imeshafika, na Tusekile alikuwa ameshafunga sanduku.

Hospitali ile ilifanya kazi mbili chini ya bati moja. Ilitibu, na ilifundisha. Haikuwekwa pale kutafuta faida. Mgonjwa alitoa alichonacho, mkungu wa ndizi au debe la mahindi, na asiye na kitu alitoa mwili wake. Yaani alikubali wanafunzi wasimame kitandani pake, waguse tumbo lake, wasikilize kifua chake, na wapeane zamu ya kumfunga kidonda. Kila asubuhi Daktari, Mzungu mrefu wa miwani, alipita wodini na wanafunzi kumi nyuma yake, na kila kitanda kikawa somo. Wagonjwa waliiogopa mikono ya wanafunzi. Hawakujua kwamba mikono yenyewe ilikuwa inaogopa kuliko wao.

Kwa ajili ya mikono hiyo Sista mkuu alikuwa na kanuni moja ambayo hakukubali ijadiliwe. Kabla ya kuchoma sindano, mwanafunzi asome kadi iliyoning'inia miguuni pa kitanda, alitaje jina kwa sauti, na asubiri mgonjwa aitike. Jina, jibu, ndipo sindano. Tusekile alikuwa mwaka wa pili na hakuwa amewahi kuivunja hata mara moja.

Kisha, mwezi wa saba mwaka 1957, baridi ikiwa imeshika milima yote, alikuwa anapita ukumbini na beseni la maji akasikia mtu anakohoa nje. Mara mbili.

Beseni lilimponyoka. Alijibana nyuma ya mlango wa stoo na kuchungulia chini tu, kwenye sakafu. Ilipita machela. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa matambara yanayonuka kidonda, na mwingine, wa kushoto, ulikuwa wazi. Kidole gumba hakikuwa na ukucha.

Mzee alikuwa na ugonjwa wa sukari, na ndiyo maana kidonda kilikataa kupona. Alilazwa kitanda cha nane, karibu na mlango, na Daktari aliamuru achomwe insulini kila asubuhi kabla ya uji.

Tusekile alimwambia mtu mmoja tu, Damari, mwanafunzi mwenzake kutoka Mlandege, Iringa, mwenye maneno mengi na moyo mweupe. Damari alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kamwambie Sista," alisema.

"Sista alisema siku ile ya kwanza, ukivaa gauni hili huna mkwe wala shemeji, una wagonjwa tu. Atanirudisha nyumbani."

"Mficha uchi hazai, Tuse."

"Mimi hata nisipoficha, sizai."

Damari alisema, "Basi, hicho kitanda niachie mimi. Wewe chukua wawili wangu."

Wakafanya hivyo siku kumi na moja. Tusekile alipoingia wodini, mzee alimjua kwa sauti na kuvuta blanketi mpaka juu ya kichwa, na Tusekile naye alipita kitanda cha nane uso ukiwa umegeukia ukuta. Wagonjwa wengine walidhani mzee anaogopa wanawake. Wakamtania.

Siku ya kumi na mbili, Jumanne, Damari aliitwa alfajiri kwenda kusaidia wodi ya wazazi. Mama mmoja alikuwa na mapacha, na pacha wa pili alikuwa amekaa vibaya. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Wodi ya wanaume ilibaki na Tusekile peke yake, na sinia la sindano, na kitanda cha nane.

Kuna jambo hakulijua. Jana yake jioni, wakati yeye yuko nyuma anachemsha sindano, Daktari alitaka wanafunzi wakione kidonda cha mzee kwenye mwanga. Wakamhamishia kitanda cha dirishani, wakamwacha huko. Kitanda cha nane, kwa kuwa kiko mlangoni, kikapewa mtu wa kupasuliwa asubuhi: Gideoni, mkulima Msafwa mwenye ngiri, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana. Kadi nayo ilibadilishwa. Ilikuwa inaning'inia pale miguuni, na jina la Gideoni limeandikwa kwa herufi kubwa zilizonyooka.

Kusoma kadi ile kungetosha. Lakini kadi ya kitanda cha nane ndiyo kadi pekee hospitalini ambayo Tusekile alikuwa amejizoeza kutoitazama.

Alisimama kando ya kitanda, uso pembeni. Mtu aliyelala alikuwa amejifunika gubigubi, kama alivyotarajia. Baridi ile nani asingejifunika? Alijaribu kulileta jina mdomoni, likaishia kooni, na tumboni akahisi maumivu yaleyale ya mwaka ule, au alidhani ameyahisi. Akasema kwa sauti ya chini, "Sindano."

Mkono ukatoka nje ya blanketi bila ubishi. Gideoni alikuwa ameambiwa kuwa kabla ya kupasuliwa atachomwa sindano, na alikuwa mtu mtiifu. Tusekile alichoma, akaufunika mkono, akaondoka karibu anakimbia. Moyoni alishukuru Mungu kuwa limekwisha.

Saa moja haikutimia. Alikuwa anagawa maji ya kunawa upande wa pili aliposikia kikohozi, mara mbili, nyuma yake, dirishani. Kisha sauti ya mzee ikimwambia mfagiaji, "Mwanangu, leo mimi nimesahauliwa? Sindano yangu haijaja bado."

Hapohapo, kutoka mlangoni, kitanda kikaanza kulia vyuma. Mtu wa kitanda cha nane alikuwa anatetemeka mwili mzima, jasho linamtiririka kana kwamba yuko juani, na alikuwa anaswaga ng'ombe wasiokuwepo.

Daktari, Sista mkuu na wanafunzi walikuwa ndio wanaingia. Wakamzunguka.

"Mnaona nini?" Daktari aliuliza, kama alivyouliza kila siku.

"Malaria," alisema wa kwanza.

"Hofu ya kisu," alisema wa pili.

"Tukichelewa atapata degedege," Daktari alisema. "Leteni kwinini."

Tusekile alisimama na birika lake la maji. Alijua. Mwezi uliopita tu alikuwa ameulizwa swali hilohilo kwenye mtihani, dawa aliyomchoma hufanya nini katika mwili wa mtu mwenye njaa, na alijibu vizuri. Gideoni alikuwa anakwenda. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Malaria imeua wengi, itabeba na huyu. Akisema, shule imekwisha, na mzee yuko hatua kumi tu, masikio wazi. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na hofu yenyewe ilikuwa inavuta huku na huku kama watu wawili wanaogombea kamba.

"Daktari," alisema. "Si malaria. Ni insulini. Nimemchoma mimi."

Sista mkuu aligeuka. "Insulini ya nani?"

"Ya kitanda cha nane."

"Kitanda cha nane ni huyu! Nimekuuliza ya nani?"

Wodi nzima ilikuwa inamtazama. Gideoni alikuwa ameacha kuswaga ng'ombe, na kichwa kimelala upande. Tusekile alifumba macho.

"Ya Andendekisye," alisema.

Dirishani blanketi lilivutwa kwa nguvu. Hakuna mwingine aliyelisikia, ila Tusekile alilisikia.

Daktari alikuwa ameshainama. Walileta maji ya sukari, wakayachoma kwa sindano kubwa kwenye mshipa, polepole, wanafunzi wakihesabu pumzi. Baada ya muda ambao Tusekile hakuweza kuupima, Gideoni alifumbua macho, akawatazama watu wote wale juu yake, akauliza, "Mmeshanikata?"

Wengine walicheka. Tusekile alikaa sakafuni palepale na kulia.

Mchana Sista alitaka afunge sanduku, na kwa haki. Lakini Daktari aliwaita wanafunzi wote kitandani kwa Gideoni, kwa sababu hospitali ile hata kosa lake ilikuwa inalifundishia, na akamsimamisha Tusekile aseme yote, tangu kikohozi hadi kadi. Alisema. Aliposema habari ya mimba sauti ilikatika, na Damari, aliyekuwa amerudi na damu ya mapacha bado mikononi, akammalizia.

Daktari alivua miwani. "Mgonjwa nilimhamisha mimi, kwa ajili ya somo, na sikuiambia zamu ya asubuhi," alisema. "Andikeni makosa yote mawili." Kisha akamgeukia Tusekile. "Kesho asubuhi utamchoma yule mzee wewe mwenyewe. Kwa jina, kwa sauti, aitike. Ukiweza utabaki. Ukishindwa, au yeye akikataa, lori la misheni linashuka saa nne."

Jioni Damari alikuja na habari mbaya zaidi. Mzee alikuwa amekataa chakula. Hakuwa amefunua kichwa tangu asubuhi, hata sindano yake iliyochelewa alichomwa akiwa gubigubi. Alikuwa ametuma ujumbe nyumbani, na watu wangeweza kuja kumchukua wakati wowote.

"Akiondoka, mguu utaoza," Tusekile alisema.

"Utaoza," Damari alisema. Hakuwa na mzaha siku hiyo.

Hakulala. Hakuwa tena na hofu moja bali tatu, na kila alipoituliza moja nyingine iliamka: sanduku, tumbo, na mzee kufa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake. Tumbo ndilo lililomtesa kuliko yote. Neno lilikuwa limeshatoka, na neno halirudishwi.

Asubuhi aliingia wodini na sinia. Sista mkuu alisimama mlangoni na saa yake. Wagonjwa, ambao kwa kawaida hupiga kelele saa hizo, walikuwa wamegeukia dirishani. Hata Gideoni alikuwa ameegemea mto, anangoja. Tusekile alitembea huku akitazama sakafu, akitarajia kuona kitanda kitupu.

Kitanda hakikuwa kitupu. Mzee alikuwa amegeukia ukuta, blanketi juu ya kichwa, limekunjwa chini ya shingo asionekane hata unywele. Lakini mkono mmoja ulikuwa nje. Ulikuwa umenyooshwa tayari juu ya shuka, kiganja juu, na shati limekunjwa hadi begani.

Tusekile alijitanda kitambaa chake mpaka kwenye nyusi. Akaishika kadi kwa mkono uliokuwa unatetemeka, akaona aibu, akatazama chini. Hapo ndipo alipouona vizuri mkono ule wa mzee. Ulikuwa unatetemeka kuliko wake.

Alisoma jina lote, kwa sauti, kama lilivyoandikwa.

Wodi ilingoja. Blanketi lilipanda na kushuka mara moja, mara mbili.

"Ni mimi," mzee alisema ukutani.

Akamchoma.