Utando wa Mjukuu

Mume wangu Mihayo alikuwa na heshima mpaka anakera. Nasema hivyo mimi mke wake wa ndoa ya kanisani, na asije mtu kuniambia marehemu hasemwi. Huyu akimkuta mkwe wake bombani anachota maji, anageuza njia, anazungukia nyuma ya nyumba za watu ili wasikutane uso kwa uso. Kwetu ndivyo baba mkwe na mke wa mwanawe wanavyoishi. Hawapeani mikono, hawakalii kitanda kimoja, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa kuzunguka. Majirani zetu wengi hapa Nyegezi walikuwa wameanza kulegeza. Mihayo hakulegeza.

Kazi yake ilikuwa mizani ya pamba. Miaka yote aliupimia ushirika huko Magu, na wakulima walimpenda kwa sababu hakuwaibia kilo. Biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, ushirika ukabaki na maghala matupu, na Mihayo akarudi nyumbani na baiskeli yake. Hakukaa. Tajiri mmoja akamchukua awe anamtafutia pamba vijijini, akampa na mabuti ya mpira. Kumbe ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshaiua miguu yake kimya kimya. Buti la kulia likamchuna kisigino msimu mzima, naye asisikie kitu. Mimi ndiye niliyeiona damu kwenye soksi. Nilipomuuliza, alinijibu kwa fahari kabisa kwamba hakiumi. Laiti kingeuma!

Tulikiosha kwa maji ya chumvi, tukakipaka asali, tukakibandika papai bichi. Kikawa kinasafika juu huku chini kinachimba. Tulipomfikisha hospitali mjini, kisigino kilikuwa na shimo. Daktari wa zamu aliitwa Muharami, kijana wa mjini, mpole, anayemwamkia mgonjwa kabla ya kumgusa. Alikata nyama iliyokufa, akafunga, akafungua, akafunga tena. Sukari ikishuka leo, kesho inapanda. Nyama mpya ilikataa kuota.

Ndipo akatuambia kuna kitu anataka kujaribu. Mwanamke anapojifungua, alisema, kwenye kondo la nyuma kuna utando mwembamba kama karatasi ya nailoni. Ukioshwa vizuri na kutandazwa juu ya kidonda kisafi, unaweza kuiamsha nyama ikaanza kuota na kufunga. Hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba bila hivyo anauona mguu unakatwa. Shida ilikuwa damu. Miaka ile kila mtu aliogopa ukimwi, kwa hiyo alitaka mama aliyepimwa zaidi ya mara moja. Mama mmoja alifaa, lakini ndugu zake wakasema kondo lao wanakwenda kulizika kwao, na nani angewalaumu?

Mkwe wetu Dorotea, mke wa mwanetu Chenge, alikuwa na mimba pevu, na kliniki walikuwa wameshampima na kumrudia, yuko salama. Alinifuata jikoni, macho chini, akaniambia, "Mama, mwambie daktari achukue langu. Baba asikatwe mguu." Nilimkumbatia binti yule, nikalia. Nikampelekea Dakta Muharami habari, akafurahi mpaka akanishika mikono yote miwili.

Mihayo akakataa.

Hakutoa sababu. Daktari alimuuliza, akasema anaogopa. Akaulizwa tena, anaogopa. Daktari akadhani anaogopa kisu, akaanza kumweleza kwamba hakuna kukatwa wala kushonwa, ni kutandaza tu. Mihayo akawa anaitikia kwa kichwa kama mtoto wa shule, kisha anasema anaogopa. Mimi nilijua anachokiona aibu. Lakini angekitamka vipi? Uzazi wa mkwe wake, autaje mbele ya kijana, wodini, watu wanasikiliza? Na mimi ningemsemea vipi mume wangu jambo ambalo yeye mwenyewe amelifungia kinywa? Nilimkasirikia hadi nikashindwa kumlisha uji.

Dorotea alijifungua asubuhi, mtoto wa kiume, hospitali ileile. Daktari alikwenda kumuuliza Mihayo mara ya mwisho, akarudi anatikisa kichwa. Muuguzi akanikabidhi ndoo iliyofunikwa kanga. Kwetu mama wa baba ndiye anayezika kondo, kwa hiyo nilikwenda nyumbani, nikachimba nyuma ya nyumba, nikazika, nikashindilia udongo kwa miguu yangu.

Kesho yake Dakta Muharami alikuja wodini bila haraka. Akavuta kiti, akakaa karibu sana, akashusha sauti, akamwomba mzee amwambie kama mwanawe kinachomtisha. Labda ni ile sauti ya chini. Mihayo alifumba macho, akasema.

"Mwanangu, kile ni mwili wa mkwe wangu. Nikiuvaa mguuni, nitaishi naye vipi nyumba moja?"

Daktari akamwinamia. "Mzee, utando ule si wa mama. Ni wa mtoto. Unaota pamoja naye, ndiyo nguo yake tumboni."

Mihayo akafumbua macho. "Wa mjukuu?"

"Wa mjukuu."

Mume wangu akacheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu aache mizani. Babu na mjukuu kwetu ni watani. Wanatukanana, wanaibiana chakula, wanavaliana nguo, na hakuna anayeona aibu. Akasema kwa mtani wake angechukua hata ngozi ya kichwa, kwa nini hawakumwambia mapema? Akanigeukia.

"Mama Chenge, kilete basi."

Nikamwambia nimeshazika. Akamtazama daktari. Daktari akasema kilichoingia udongoni hakifai tena kuwekwa kidondani. Nilimtazama kijana yule kwa hasira ambayo mpaka leo haijaisha, ingawa najua hakuwa na kosa. Nani alimfundisha yeye ukwe wetu?

Akahangaika kutafuta mama mwingine. Alimpata mmoja, lakini majibu ya damu yalikuwa hayajarudi, na homa ya Mihayo haikusubiri. Mguu uligeuka mweusi, wakaukata chini ya goti. Tulimrudisha nyumbani akiwa mwepesi, analala mchana kutwa.

Siku ya kumtoa mtoto nje, Dorotea alinipa mtoto mimi, nami nikampa babu yake ampakate, maana mkwe hawezi kumkabidhi mwenyewe. Alibaki mlangoni, ametupa mgongo, mabega yanatikisika. Mihayo aliyaona. Akamwinua mtoto karibu na uso wake, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "Mtani, nguo yako ilikuwa ndogo. Hata ningeivaa isingenitosha."

Watu wakacheka, na Dorotea akacheka huku analia. Nami nikacheka nao. Mihayo alifariki kabla wakulima hawajaanza kuvuna pamba.

Daktari alikuwa ameniambia kwamba kipande cha upana wa kiganja kingefunika kidonda chote. Kingemtosha kabisa. Sikumwambia Mihayo, wala Dorotea sijamwambia.