Nilimfanya Mmoldova Kuwa Mrusi Mbele ya Kanisa Zima

Kosa ni langu, msimtafute mwingine. Siku hizi nasonga ugali kama napigana na mtu, na mtu mwenyewe ni mimi!

Tulipata mgeni nyumbani, huku juu milimani, upande wa Gare. Doina, dada wa Kimoldova, alikuja kujitolea kufundisha cherehani kwenye kikundi chetu cha akina mama. Tulielewana haraka mno. Hata ugali hakufundishwa kuula, alisema kwao pia wanasonga wa mahindi. Nikamwomba amsimamie binti yangu kwenye ubatizo, mchungaji akaridhia. Doina alilia kwa furaha!

Jumapili moja kanisani wageni wakaambiwa wasimame wajitambulishe. Doina akasema kwa Kiingereza kwamba yeye ni Mmoldova. Mtafsiri mimi. Nikatazama zile sura, nikajua nitaulizwa Moldova ndiyo wapi, na jiografia nilipata D. Nikarahisisha: "Anatoka Urusi!"

Makofi! Mzee wa kanisa akawaombea Warusi wote, hakubakiza hata mmoja.

Njiani Doina akaniuliza kwa nini. Nikacheka, mjinga mimi. "Si Warusi waliwatawala? Au basi sema Mromania, lugha si moja?"

Akasimama. "Bibi yangu anasema sisi ni Wamoldova. Kaka yangu anasema ni Waromania. Tunagombana mezani mpaka chakula kinapoa. Lakini ni ugomvi wetu, wewe nani kakuita? Na juzi mama mkwe wako aliposema Wambugu siku hizi ni Wasambaa tu, nani alitupa mwiko?"

Mimi! Mmbugu niliyeolewa na Msambaa. Tena nilimjibu mama wa watu, "Shikamoo mama, lakini mimi Mmbugu mpaka kaburini!"

Doina akaomba kitu kimoja tu: Jumapili inayofuata nisimame nisahihishe. Nikakataa. Eti nitaaibika, mimi na kidato cha nne changu!

Hakunigombeza. Aliendelea kutufundisha kama kawaida. Ila siku ya ubatizo alikaa benchi la nyuma. "Siwezi kumshika mtoto mbele ya Mungu nikiwa Mrusi," akaniambia. Mtoto akashikwa na wifi yangu, kamkumbatia kama furushi la kabichi.

Wiki ile ile Doina akarudi kwao.

Sasa mama mkwe ananichokoza. "Yule Mrusi wako hajapiga simu?"

"Ni Mmoldova, mama!"

"Haya, Mmoldova wa Urusi."

Nitamjibu nini, na aliyempa hayo maneno ni mimi?

Wenzangu, mtu akikuambia yeye ni nani, tafsiri alivyosema. Wasiopajua kwao wataulizana wakitoka. Na ukikosea, sahihisha siku hiyo hiyo, hata kama uso unawaka! Mimi nilikwepa aibu ya dakika moja. Leo nina picha ya ubatizo wa binti yangu, na aliyestahili kumbeba anaonekana kule mwisho, nusu uso.