Siku Niliyonyamaza Msibani kwa Kapteni Hamza

Mwanangu, kuna siku moja kule Ruhembe naikumbuka kila nikifungua mdomo, na unajua mdomo wangu haufungwi. Mvi sina, shule niliishia la saba, kazi yangu kuziba pancha za malori hapa Mikumi. Lakini hili nisikilize.

Kapteni Hamza alikuwa mtani wangu. Ukoo wetu na wao tunataniana tangu mababu, na kazi ya mtani msibani unaijua: anamwigiza marehemu, anamsema, mpaka wafiwa wacheke, halafu walie vizuri. Hamza akija likizo ananiita kiroba cha pumba. Mimi namwita mwanajeshi wa ngazi, maana utotoni alipanda ngazi kupaka chokaa msikitini, akaogopa kushuka mpaka baba yake akambeba mgongoni. Huyo huyo ndiye aliyekuja kupewa nishani ya ushujaa. Na huyo huyo kapigwa risasi vitani, milimani huko ng'ambo ya ziwa, akiwa mbele ya askari wake.

Aliletwa kwenye sanduku lililofungwa, bendera juu. Tukaambiwa halifunguliwi. Mimi nilikuja na maneno yangu tayari, hadi ngazi nimeazima kwa jirani. Nikawaona wakubwa wa jeshi, nyota mabegani, nishani imelazwa kwenye mto mwekundu. Nikaona haya. Ngazi nikaificha nyuma ya choo, nikakaa kwenye kiti kama mgeni mwalikwa. Ikasomwa karatasi: shujaa, hodari, mtiifu. Tukazika.

Magari ya jeshi yalipoondoka kuelekea Kilosa, mama yake akaniita. Alikuwa hajalia hata kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umekatwa ulimi, mtani?"

"Niliwaogopa wale wakubwa, mama."

"Mimi sura ya mwanangu sijaiona. Huyo waliyemsoma kwenye karatasi simjui. Nilikuwa nakungoja wewe. Ungemsema, ningejua ni yeye."

Nikakimbilia ngazi, nikaiegemeza ukutani, nikapanda huku natetemesha magoti kama Hamza utotoni.

"Shuka," akasema. "Watu wameshaondoka. Unamchekesha nani?"

Mpaka leo hajalia. Anasema labda walizika mtoto wa mwenzie. Kila mchana anampakulia chakula, anakifunika. Nikienda kumsalimia namtania Hamza mbele yake, ananijibu, "Akija likizo mwambie mwenyewe."

Kwa hiyo mwanangu, ukiwa mtani, tania. Usiangalie nani kavaa nini. Wakubwa waache wasome karatasi yao, ni heshima, sikatai. Ila mfiwa anamtaka mtu wake, yule aliyekuwa anakoroma na kuogopa, na anamtaka kabla kaburi halijafukiwa. Ukichelewa ndiyo basi.

Mungu akuweke, mama yako asikuzike. Na mimi nikitangulia, njoo uniseme mpaka mama yangu alie.