Sellah na Mkono wa Kushoto

Siku Sellah alipoujua mpira wa kikapu alikuwa amekwenda kugombana. Ilikuwa mwaka wa 1951. Mzungu mmoja wa misheni, mrefu wa kutosha kugonga kichwa kila mlango wa Misikhu, alikuwa amenunua kwake sokoni vikapu viwili vizito, vile vya kubebea mahindi. Jumatatu yake habari zikamfikia kwamba vikapu vile vimekatwa matako na kutundikwa juu ya miti miwili nyuma ya shule. Sellah aliacha bidhaa zake chini, akamwambia jirani aziangalie, akaondoka kwa hatua za mtu anayekwenda kumtoa mwizi shambani.

"Kila kimoja nimekisuka siku nne!" alikuwa akisema njia nzima, ingawa hapakuwa na mtu wa kumjibu. "Siku nne, halafu ati mtu anakata matako!"

Akafika. Akakuta vijana kumi wanakimbizana na mpira, na kila mmoja macho yake yako juu, kwenye kikapu. Mpira ukarushwa, ukazunguka ukingoni mwa kikapu chake mara mbili, ukazama, ukatokea chini. Wenzake wa aliyerusha wakashangilia kama watu waliopata mvua. Mpira ulipozama mara ya nne Sellah alikuwa ameusahau ugomvi, na kabla ya adhuhuri alikuwa akiwafundisha kazi watu ambao saa moja kabla hakujua wanafanya nini.

"Wewe mrefu! Si uruke! Hicho kikapu nimekisuka mimi, hakiumi!"

Basi ikawa hivyo. Kila Jumamosi Sellah alikuwa pale pembeni mwa uwanja, mwanamke wa miaka arobaini kasoro, mfupi, mnene kidogo, na sauti ambayo Mungu hakuipima vizuri alipokuwa akiigawa. Hakuweza kutazama akiwa ameketi. Mpira ukienda kulia, naye alikwenda kulia, akamkanyaga aliyekuwa karibu. Timu ikikosa, alivua kitambaa cha kichwa akakipiga chini. Ikipata, alimkumbatia mtu yeyote, na siku moja alimkumbatia karani wa mahakama ambaye hata hakuwa upande wake. Mumewe Mukhisa, mzee wa kanisa na mtu mpole, alipenda kusema kwamba mke wake huomba dua kwa sauti ya chini kabisa ili kuiweka akiba ya Jumamosi. Wapo waliomcheka. Mimi siwezi kumcheka, kwa sababu ni watu wachache sana wanaojua kufurahia kazi ya mtu mwingine kwa moyo wote namna ile, bila kutaka hata kijiko kimoja cha faida yake.

Na vikapu vilipochakaa, alisuka vingine. Hakungoja kuitwa.

Kati ya wachezaji wote alimpenda zaidi Festus Wabwile, mwana wa fundi cherehani wa Naitiri, mwalimu wa darasa la kwanza pale shuleni. Festus alikuwa na miguu mirefu na aibu nyingi, lakini akishika mpira aibu ilimtoka. Sellah aliliita jina lake mara nyingi hivi kwamba watu wa soko walilijua jina kabla ya kumjua mwenyewe. "Festus! Festus wangu! Rusha!"

Halafu Edah, binti yake Sellah, akaja nyumbani na habari. Watu wa Naitiri wanakuja kuposa. Bwana arusi ni mwalimu Festus.

Sellah alipiga vigelegele. Alifurahi kwa muda wa maziwa kuchemka. Kisha akakumbuka, akaketi juu ya kinu.

Maana kwao Wabukusu mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Akitokea huku, wewe unapita kule. Hamkai mahali pamoja, hamsemezani, na jina lake hulitamki, mpaka mtoto azaliwe na siku ya blanketi ifike, mkwe alete blanketi, amfunike mama mkwe mabegani mbele ya watu, na hapo ndipo mwiko unapoondoka. Hiyo inaweza kuwa mwaka. Inaweza kuwa miaka mitatu.

"Sasa utaacha mpira," Mukhisa akamwambia, kwa upole, kama mtu anayetangaza kifo.

"Nimejua," Sellah akasema.

Arusi ikafungwa mwaka wa 1954, akapika, akacheza, akawapokea wageni. Jumamosi iliyofuata alibaki nyumbani akisuka. Kutoka uani kwake kelele za uwanjani zilisikika, ila hakuweza kujua ni nani amepata na ni nani amekosa. Aliumia. Alijiambia ni upuuzi mtu mzima kuumia kwa mpira, akazidi kuumia. Edah alimkuta mara mbili amesimama katikati ya ua, kikapu kisichokwisha mkononi, ameelekeza sikio shuleni. Timu nayo ikapoteza michezo mitatu. Vijana walisema uwanja umekuwa kama nyumba iliyohamwa.

Mwezi wa nane gari la sinema likaja Misikhu. Lilikuwa gari la kampuni moja ya majani chai. Lilikuja mara moja kwa mwaka, likifunga shuka kubwa jeupe katikati ya miti miwili, na giza lilipoingia tu picha zikaanza kutembea juu ya shuka. Walionyesha kwanza majani chai, watu wakavumilia. Kisha wakaonyesha kile kilichowaleta watu hata kutoka Ndalu: mtu mmoja aliyejifunga kitambaa cheusi usoni, aliyeruka kutoka paa hadi paa na kuwapiga wanyang'anyi ngumi moja moja. Jina lake la Kizungu hapana aliyelishika. Misikhu walimwita Kitambaa.

Sellah hakuweza kuketi mbele, kwa kuwa Festus alikuwa mbele na shule yote. Akazunguka, akaenda kusimama nyuma ya shuka, peke yake, kwenye nyasi. Na tazama, picha ilipenya! Kila kitu kilionekana kule nyuma kama kule mbele. Kitambaa akaruka, Sellah akaruka. Mnyang'anyi akaja na kisu kwa nyuma, Sellah akashindwa kujizuia.

"Geuka! Geuka, mwanangu, yuko nyuma yako!"

Kitambaa akageuka. Watoto waliokuwa mbele walipiga mayowe, wakidhani shuka limejifunza Kibukusu. Watu wazima waliitambua sauti ile, wakacheka mpaka wakatoa machozi. Ilikuwa miezi mitano hawajaisikia.

Usiku ule Sellah alirudi nyumbani na mambo mawili. La kwanza, kwamba kama shuka linatosha kumficha mtu, basi na jamvi linatosha. La pili alimtuma Edah alipeleke kwa mumewe.

"Mwambie mkwe wangu hivi. Nimemwangalia Kitambaa vizuri sana. Yule mtu hupiga na mkono wa kushoto. Ndiyo maana hawamwezi, wanangoja kulia. Na yeye ajifunze kurusha na kushoto."

Edah akapeleka. Festus alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Amesema kushoto?"

"Kushoto."

"Haya. Mwambie nimesikia."

Kuanzia kesho yake alionekana uwanjani alfajiri, kabla ya kengele ya shule, akirusha kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa mkono mjinga. Ulipeleka mpira kwenye miiba, kwenye bustani ya misheni, mara moja kwenye sufuria ya uji. Wenzake walimwuliza kuna nini. Aliwajibu kwamba ameagizwa na mkubwa wake, akaokota mpira, akarusha tena. Aliendelea hivyo wiki kumi na moja.

Sellah naye alikuwa akisuka jamvi la matete, pana, refu kumpita kimo, lenye vitundu vidogo ambavyo kwavyo aliye nyuma anaona mbele, na aliye mbele haoni kitu.

Mchezo mkubwa ulikuwa Kitale mwezi wa kumi na moja, na timu ya makarani na watu wa reli ambayo ilikuwa haijafungwa mwaka mzima. Misikhu walikwenda kwa lori la mahindi. Sellah alikwenda kwa lori lingine. Alisimamisha jamvi lake nyuma ya mti wa kikapu, na Edah, mimba ikianza kuonekana, akalishika upande mmoja. Upande wa pili alijitolea kulishika Rahab Wakonyo, muuza viazi wa Kitale aliyetaka kujua huyu mama anaficha nini.

"Unaficha nini, mama?"

"Najificha mimi mwenyewe. Yule mrefu ni mkwe wangu."

Rahab akaangua kicheko. "Wewe umetoka Misikhu kuja kutazama mtu ambaye hutakiwi kumwona?"

"Simtazami yeye," Sellah akasema. "Natazama mpira. Kama uko mkononi mwake, nitafanya nini?"

Mchezo ulikuwa mgumu. Watu wa Kitale walikuwa na habari za Festus. Wawili walimbana upande wa kulia, wakamfuata kama deni. Wakafika kumi na sita kwa kumi na sita, na mwamuzi akaangalia saa. Festus akapata mpira, akageuka, akazibwa. Nyuma ya jamvi Sellah alikuwa ameuma kitambaa chake cha kichwa ili asitamke lile jina. Akakitema.

"Kitambaa!" akapiga ukelele. "Kitambaa! Kushoto!"

Uwanja mzima ukasikia. Festus alihamisha mpira, akaruka, akarusha kwa ule mkono mjinga, na mpira ukapita katikati ya kikapu bila kugusa ukingo. Vijana wa Misikhu wakambeba juu, wakiimba Kitambaa, Kitambaa, na jina likamganda tangu siku ile. Nyuma ya jamvi Sellah alikuwa amemkumbatia Rahab wa Kitale, ambaye timu yake ilikuwa imefungwa, na Rahab alikuwa analia kwa kucheka.

Mtoto akazaliwa mwezi wa nne. Mwezi wa saba Festus akaleta blanketi, zito, jekundu, akamfunika mama mkwe wake mabegani mbele ya watu, na wote wawili wakatazama chini kwa haya. Mwezi wa nane gari la sinema likarudi na picha ile ile.

Safari hii Sellah aliketi mbele, na blanketi lake, mjukuu mapajani, na Festus hatua mbili kando yake. Kitambaa akaruka paa. Sellah akasogea mbele. Mnyang'anyi akaja. Kitambaa akakunja ngumi, akapiga.

Kwa mkono wa kulia.

Watu walikuwa wanangoja sauti ya Sellah, haikutoka. Alitazama ngumi ya pili, na ya tatu. Kulia, kulia. Akalitazama lile shuka, akaangalia kule nyuma kwenye nyasi alikosimama mwaka uliopita, akaelewa: aliye nyuma ya shuka huona kulia kuwa kushoto. Akamgeukia mkwe wake.

"Wewe ulikuwa umeketi huku mbele."

"Ndiyo, mama."

"Ulijua tangu siku ile."

"Nilijua."

"Sasa mbona hukumtuma Edah aniambie?"

Festus alikuna kichwa. Ile aibu yake ilikuwa imerudi yote. "Mama, wewe ulikuwa umenyimwa uwanja kwa ajili yangu," akasema. "Kulikuwa na neno moja tu uliloniagiza. Ningelikataaje?"

Sellah akavuta blanketi likamfunika yeye na mtoto, akapangusa macho kwa pembe yake bila kujificha. Juu ya shuka mambo yalikuwa yameharibika: wanyang'anyi wanne walikuwa wamemzunguka Kitambaa, wamemshika ule mkono wake wa kulia. Sellah akasimama, mtoto begani, akajaza kifua.

"Kushoto!" akamfokea. "Tumia kushoto, wewe! Si umwulize mkwe wangu!"