Bustani Kati ya Kuta za Watawa

Wiki iliyopita nilipita mtaa wa Observatory nikitafuta kazi ya kupaka rangi, miguu ikanipeleka yenyewe mpaka kwenye ile bustani ya manispaa. Unanijua, mimi sikai mahali. Shule niliiacha mapema, na mji nauacha kabla haujanizoea. Lakini mbele ya lile lango nilisimama.

Hapo waliishi watawa. Paa lilikwisha kuanguka, zikabaki kuta za mawe na madirisha matupu, katikati yake waridi na mabenchi. Nyuma ya kuta iliota lengalenga, mchicha wetu wa Bukavu tulikotoka, ambao wenyeji hawakuutaka. Nilipokuwa mtoto, kila Jumamosi bibi aliyenilea alinichukua tukauchume. Harufu yake ukichemka na mawese ninayo mpaka leo.

Ilikuwa miaka ile ya kuwawinda wageni. Maduka ya wenzetu kule Soweto yalikuwa yamechomwa. Bibi hakujua Kizulu, kwa hiyo tulikubaliana: nje ya mlango yeye ni bubu, msemaji ni mimi. "Mdomo ndio pasipoti," alisema akicheka. Mimi sikucheka. Mlinzi wa bustani akitusalimia, nilimjibu haraka kwa Kizulu kwamba bibi hasemi, huku nikimvuta mkono tupite.

Siku moja nilipanda ukutani kutazama maandishi waliyoyachonga watawa; siku zote nilitaka kujua waliandika nini. Mabenchi yalikuwa yamejaa watu. Jiwe likacheza chini ya mguu wangu, na bibi akapaza sauti kwa Kiswahili chetu:

"Shuka, mutoto wangu! Ukuta unaanguka!"

Niliruka. Ukuta ukaporomoka nyuma yangu. Vumbi lilipotua, vichwa vyote vilikuwa vimetugeukia. Mlinzi akatujia polepole na rungu lake, na Kizulu chote kikanitoka kichwani. Alimtazama bibi, kisha akawageukia wale watu.

"Watawa wamemponya bibi wa watu," akasema kwa Kizulu. "Leo amesema."

Mmoja akacheka, wengine wakafuata, na ndani ya kicheko kile tukatoka langoni.

Hatukurudi tena. Bibi hakuulizia lengalenga, na hata nyumbani alizungumza kwa kunong'ona mpaka alipofariki. Sauti yake kubwa ilibaki kule, chini ya mawe yale.

Sasa kuta zimezungushiwa waya, na palipoota lengalenga pana nyasi fupi. Mlinzi mwingine, kijana, aliniuliza natafuta nini. Kizulu cha kumjibu nilikuwa nacho. Nilimwonyesha mdomo wangu kwa kidole, nikatikisa kichwa, bubu kama bibi.