Biti Zilizojaribiwa Diani

Mwero Chome ni mwepesi wa hamaki, wala haoni haya kusema hivyo. "Mie nikikasirika nakasirika, sinuni," huwaambia vibarua wake. Miaka ishirini na miwili amechimba visima, kuanzia Kikoneni hadi kwao Kinango, na akishika bomba la mtambo tu hujua chini kuna nini. Siku ile alipoivuta juu biti, kile kichwa cha chuma kinachotoboa mwamba, akakuta meno manne yamevunjika, alitukana mpaka mbuzi wakahama kivuli.

Ilikuwa biti ya tatu wiki hiyo. Walikuwa wamefika mita sitini na mbili, hapo Kinango, nyumbani kwa mama mmoja aitwaye Sidi, na vumbi linalopanda lilikuwa limeanza kuja na unyevu.

Harrison, mwenye kampuni, aliteremka garini, hata salamu hakutoa. "Unakandamiza sana, mzee. Mikono yako mizito."

"Mikono yangu?" Mwero aliokota kipande cha jino akamsogezea puani. "Tazama! Jino la biti ni unga, bwana. Unga mgumu wa madini ya tangsteni, unashikanishwa kwa madini mengine, kobalti, kisha unaokwa tanuuni. Kobalti ikipunjwa, jino linavunjika kama sahani. Ikizidi, linalika upesi. Moto ukiwa mdogo, ndani hubaki matundu kama mkate usioiva. Ukipitiliza, chembe zinakua, na jino linakosa nguvu. Matundu haya huyaoni? Nani kakuuzia uchafu huu?"

Harrison akasema biti hizo alizijaribu mwenyewe Diani, kwenye kisima cha hoteli, zikachimba mita arobaini bila kasoro.

Lo! Hapo Mwero alipandwa na mori. Diani! Jiwe la Diani ni matumbawe, hata mtaimbo unaingia. Mtu anajaribu biti kwenye matumbawe, kisha ananunua kreti nzima aje kupambana na mwamba wa Kinango!

"Hasira hasara, mzee," Harrison alisema, akamnyooshea karatasi. "Tia sahihi. Kisima kikavu. Kesho mtambo unakwenda Msambweni."

Mwero aliisoma mara mbili. Mahali pakishaandikwa pakavu, hakuna mtambo utakaorudi tena. Mamake mzazi alikufa akiteka maji ya silanga, bwawa lile lile linalokanyagwa na ng'ombe, kwa sababu kijiji chao nacho kiliandikwa hivyo hivyo.

"Siandiki uongo," akasema. "Biti njema zipo Ukunda. Tuma gari."

"Basi nitatia sahihi mwenyewe," Harrison akajibu, akatoa kalamu.

Sidi alikuwa amesimama kando na mtungi wake mtupu wa plastiki, na wanawake wenziwe nyuma yake. "Mwanangu Mwero," akauliza, "ni kweli maji hakuna?"

"Yapo, mama. Unyevu wake huu hapa. Biti ndizo mbovu."

Sidi alikwenda akauweka mtungi mbele ya gurudumu la lori la mtambo, akaukalia. Wenziwe wakamfuata mmoja mmoja, mpaka njia yote ikajaa mitungi.

Harrison alibung'aa. "Mzee, waambie waondoke!"

Mwero alizima injini, akachomoa ufunguo, akaketi mchangani karibu na Sidi.

"Waambie wewe," akasema. "Na simu unayo mkononi. Agiza biti."